Hedifoni moja kwa PS4 na laptopu, nyumba yenye mtu anayelala mchana

DadaWaShangani

Habarini ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijatuma hela Kariakoo, maana mzigo ukishashuka kwenye basi hapa Mtwara, kuurudisha ni gharama nyingine.

Mama yangu ni muuguzi. Akitoka zamu ya usiku analala mpaka saa nane mchana, na chumba chake kimepakana na sebule. Mdogo wangu kamaliza mitihani ya kidato cha nne, yuko nyumbani na PS4 Slim, mashine ya michezo ya PlayStation, anacheza mpira na wenzake kwa mtandao. Mimi nanukuu mahojiano ya watafiti: nasikiliza wazee wa Newala wanaochanganya Kiswahili na Kimakonde, naandika neno kwa neno. Tunataka hedifoni moja yenye maiki itufae wote wawili. Bajeti ni laki na nusu.

Mwezi uliopita tulinunua moja ya taa za rangi, ina pini ya duara na pini ya USB. Imetushinda. Kwenye PS4 dogo anasikia sauti za wenzake tu, mpira wenyewe unaendelea kupiga kelele kwenye TV na mama anaamka. Kwenye laptopu nikichomeka USB taa zinawaka, sauti hakuna. Nikichomeka ile ya duara nasikia, lakini maiki yake imekufa. Mtafiti akinipigia ananisikia kwa maiki ya laptopu, kwa mbali, pamoja na feni. Laptopu ni ya zamani, ina matundu mawili ya duara.

Nichukue ya USB, ya pini au ya Bluetooth?

BabaMikindani

Chukua ya Bluetooth mwanangu, achana na waya. Mimi yangu naitumia kwenye simu mwaka wa pili huu, haijanisumbua.

FundiNdoro_Lindi

Mzee wangu, kwa heshima, kwenye simu ni sawa ila kwa dada hapana. PS4 haipokei hedifoni ya kawaida ya Bluetooth, na PS5 ni vilevile. Zisizo na waya zinazokubali huko ni zile zenye kijiti chao cha USB, kama Pulse 3D ya Sony, ambayo inafanya kazi PS4, PS5 na kompyuta. Nzuri, lakini inavuka bajeti yako, tena inataka chaji. Na kwenye kompyuta, Bluetooth ina kasoro itakayokuumiza wewe hasa: ukianza kutumia maiki yake, sauti unayosikia inashuka, inakuwa ya simu. Mtu anayemsikiliza mzee silabi kwa silabi haimfai.

Sasa hiyo mliyonayo msiitupe. Sidhani kama ni mbovu. Nimefungua nyingi za namna hiyo: waya wa USB unapeleka umeme wa taa, basi. Sauti na maiki vinapita kwenye pini ya duara. Itazame pini yenyewe. Ikiwa na mistari mitatu imegawanyika sehemu nne: sauti ya kushoto, ya kulia, maiki na ethi. Hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye pedi, yaani kile kidude cha mkononi cha kuchezea.

Dogo aichomeke kwenye pedi, siyo kwenye TV. Kisha aende Settings, Devices, Audio Devices, atafute "Output to Headphones". Nina hakika imekaa kwenye "Chat Audio", ndiyo maana anasikia wenzake tu. Aweke "All Audio". TV itanyamaza yenyewe.

Laptopu yako ina matundu mawili kwa sababu moja ni la kusikiliza na lingine la maiki, wakati pini yenu imebeba vyote viwili. Unahitaji waya mfupi wenye tundu moja upande huu na pini mbili upande ule, moja ya sauti, moja ya maiki. Hapo kuwa makini sana. Madukani kuna waya unaofanana nao, wenye pini moja na matundu mawili, wa watu wawili kusikiliza simu moja. Huo haukusaidii. Mwambie muuzaji: pini mbili, tundu moja.

Siku mkihamia Xbox, mashine nyingine ya michezo, ya pini bado itawafaa, mradi pedi iwe na tundu la duara. Pedi za kwanza za Xbox One, za 2013, hazikuwa nalo. Za USB zilizotengenezwa kwa PlayStation kwa kawaida hazikubali kwenye Xbox, ndiyo maana mtu mwenye mashine zaidi ya moja namshauri pini kila mara.

Mama_wa_Masasi

Dada, mkija kununua mpya angalieni masikio yake. Yangu yalikuwa ya ngozi ya plastiki. Kwa joto letu la Novemba na jasho, ilianza kubanduka, vipande vyeusi vinabaki shingoni. Sasa natumia ya kitambaa, navua na kufua. Mkivaa wawili hedifoni moja hilo ni la lazima.

DadaWaShangani

Fundi, Mungu akubariki. Mistari ni mitatu. Tumebadilisha pale kwenye "All Audio", TV kimya kabisa! Waya wa pini mbili nimeagiza, nimemtumia muuzaji picha ili asikosee. Hela ya hedifoni mpya nitaishikilia kwanza.

Limebaki moja. Tangu aanze kusikia mpira masikioni, dogo anaongea kwa sauti kubwa kuliko zamani bila kujijua. Leo saa tano mama katoka chumbani.

FundiNdoro_Lindi

Ni kwa sababu masikio yamezibwa, hajisikii mwenyewe. Asogeze upande mmoja nyuma kidogo, sikio moja libaki nusu wazi, atashusha sauti bila kuambiwa. Maiki nayo aivute karibu na kona ya mdomo, ili wenzake wamsikie hata akinong'ona. Waya ukifika chomeka pini ya kijani, ya sauti, kwenye tundu la kijani, na ya waridi, ya maiki, kwenye la waridi, kisha urekodi sentensi moja ujisikilize kabla ya kumpigia mtafiti.