Wakristo wa kwanza walitunzaje mafundisho? Naomba ushauri wa somo

Mleta uzi
Habari wakuu. Nina kipindi cha dakika 40 na vijana wa kanisani kuhusu namna mafundisho ya mitume yalivyotufikia. Najua wataniuliza: maneno yaliyopita vinywa vingi hivyo, si yamegeuka? Nianzie wapi?

Kibatari
1 Wakorintho 15:3-7. Barua ni ya miaka ya 50, na Paulo anasema anawapa kile alichokipokea. Isome kwa sauti: alikufa, alizikwa, alifufuka, alitokea. Ni fundisho la kukariri, lilikuwepo kabla ya barua yenyewe. Kisha Wakolosai 4:16, barua isomwe kwao halafu ipelekwe Laodikia. Malizia na Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa Roma, katikati ya karne ya 2: Jumapili walisoma kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda ulivyoruhusu. Neno likisomwa hadharani kila wiki, msomaji akiruka mstari kuna watakaoshtuka. Huo si mchezo wa kunong'onezana.

Karani_wa_Mafunjo
Naongeza: usiwaambie hakukuwa na makosa, watakukamata. Wape zoezi. Andika 1 Yohana 2:22-24 kwa herufi kubwa, bila nafasi wala nukta, kama Wagiriki walivyoandika. Vijana 2 wanakili, kila mmoja chumba chake. Kila nakala inakiliwa tena na vijana wengine 2. Ficha ya kwanza na zile 2 zilizofuata, kisha darasa zima lijaribu kurudisha maneno ya awali kwa kulinganisha nakala 4 za mwisho.

Tazama mstari wa 23: "hanaye Baba, amkiriye Mwana anaye Baba". Jicho likitoka kwenye "Baba" wa kwanza likatua kwa wa pili, nusu ya mstari imepotea. Ndivyo ilivyotokea katika nakala nyingi za Kigiriki za baadaye. Kosa la tawi moja hufichuliwa na tawi la pili, ndiyo maana wingi wa nakala ni msaada. Mkitumia mnyororo mmoja tu, zoezi linaharibika: kosa halina wa kulipinga.

Mama Nasadiki
Msisahau wasiojua kusoma, nao walikuwa wengi. Karne ya 4, wakatekumeni (waliojiandaa kubatizwa) wa Yerusalemu walipewa Kanuni ya Imani kwa mdomo. Askofu Kirilo aliwakataza kuiandika kwenye karatasi, waishike moyoni. Mahali pengi mtu aliikariri mbele ya kanisa kabla ya kubatizwa.

Kibatari
Na vitabu havikukaa sehemu moja. Mei 303, wakati Kaisari Diokletiano wa Roma alipowatesa Wakristo, maofisa walipekua kanisa la Cirta (Algeria ya leo) wakitafuta Maandiko. Hapo walipewa kitabu kimoja kikubwa tu. Vingine vilikuwa majumbani kwa wasomaji wa kanisa, ikabidi wazunguke nyumba kwa nyumba, wakakusanya zaidi ya 30.

Mleta uzi
Shukrani. Orodha ya vitabu vya Agano Jipya je, niseme ilipangwa kwenye mtaguso wa maaskofu wa Nikea?

Karani_wa_Mafunjo
Hapana! Kanuni 20 za Nikea (325) hazina orodha hiyo. Vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi hivi tulivyo navyo, vimo katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Kwa muda wako, zoezi lipe dakika 20, na karatasi zisizo na mistari ziandae mapema.