Nina deni la kitabu cha mwisho, na wasomaji 41 walishalipa

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Hamjambo wenzangu. Saa nne usiku sasa, stima imerudi punde tu na simu iko asilimia 19, kwa hivyo nikipotea katikati msishangae.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kibuye. Mchana nashona sare za shule na magauni ya harusi. Asubuhi kabla wateja hawajafika, na usiku watoto wakilala, naandika hadithi. Nilianzia kwenye madaftari ya mwanangu, zile kurasa zinazobaki muhula ukiisha. Hadithi yenyewe inaitwa Ziwa Linalodai. Ni mambo ya ajabu matupu: kijiji kando ya ziwa ambako mtu akitaka mvua, au samaki, au mtoto, anaweka kivuli chake rehani kwa maji. Anayejua kisa cha Simbi Nyaima, yule bibi kizee aliyefukuzwa kwenye karamu na kijiji kizima kikamezwa ila mwanamke aliyempokea, ataona nilikochota. Luanda Magere, yule shujaa wa Wajaluo, naye yumo kwa mbali. Mtu wa Kano hawezi kuandika habari za kivuli akajifanya hajasikia aliyechomwa mkuki kivulini.

Sehemu ya kwanza niliituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha chama chetu, sura moja kila Ijumaa. Ikatoka chama hiki ikaingia kingine. Kufika sehemu ya tatu, watu nisiowajua walikuwa wananitumia shilingi 50 kwa kila sura bila kuombwa. Nikapata kichwa kikubwa. Februari mwaka juzi nikatangaza kwamba sehemu ya nne, ya mwisho, itachapwa iwe kitabu cha kushika mkononi, na anayelipa mapema ni 300. Wakalipa 41. Hizo ni 12,300. Niliahidi Desemba ya mwaka huo huo.

Pesa hazipo. Elfu nane zilikwenda karo ya kidato cha pili, zilizobaki zikaingia kwa mota ya cherehani iliyoungua. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye.

Kitabu nacho hakipo. Nimeandika kurasa 112, nimechana 60. Msiniambie nitafute muda. Muda sijawahi kuwa nao, na sehemu tatu ziliandikika hivyo hivyo. Shida ni hii. Tangu siku ya kwanza nilijua mwisho: Akeyo, msichana mfinyanzi, anashuka chini ya ziwa kukomboa vivuli vya kijiji. Lakini vivuli havikomboleki mpaka vihesabiwe, na anayejua kuvihesabu ni mmoja tu, mvuvi mzee Odemba. Odemba nilimuua sehemu ya pili. Ilikuwa wiki ambayo mwenye kibanda alinipigia kufuli kwa kodi ya miezi miwili. Nilikuwa na hasira, nikaona lazima mtu afe, akafa yeye. Kikundi kizima kililia, nami nikafurahi kwamba wamelia. Kumbe nimejifungia nje na ufunguo nimeutupa majini.

Nimejaribu kumfufua. Kurasa 20, zote zikanuka. Nimejaribu aje ndotoni kumfundisha Akeyo, nikajionea aibu mwenyewe.

Na kuulizwa ni kila siku. Juzi mteja amekuja kupimwa blauzi, futi iko kifuani mwake, ananiuliza, "Akeyo amefika wapi?" Nikamwambia inua mikono.

Sasa nishaurini. Nirudishe pesa kidogo kidogo na hadithi niifunge? Niandike mwisho wowote deni liishe? Au niwaambie hao 41 ukweli, kwamba mwenyewe sijui inaishaje? Na tafadhali, mtu asinifananishie kitabu na nguo. Nimeshaambiwa habari za pindo na watu sita.

Bondeni254 (Nakuru)

Rudisha pesa za watu, mama. 300 ni 300. Mimi nauza mitumba. Mtu akilipia jaketi na jaketi haipo, siwezi kumwambia bado nawaza mikono yake itakaaje.

Mwalimu wa Zamu (Kakamega)

Fundi, pole, na usimsikilize sana huyo wa jaketi, ingawa ana hoja.

Mimi nafundisha Kiswahili na fasihi sekondari. Huko Marekani kuna mwandishi mzee, George R. R. Martin, ambaye ugonjwa wako anao kwa kiwango cha kimataifa. Alikusudia vitabu vitatu tu. Cha kwanza kikatoka 1996, cha tatu 2000, na hadithi haikuwa imefika hata nusu. Cha tano kikatoka Julai 2011. Cha sita kinangojwa mpaka leo, na hicho cha sita si cha mwisho, kuna cha saba mgongoni mwake. Tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu hivyo ilimkuta njiani, ikampita, ikamaliza 2019 bila yeye. Januari 2016 aliwaandikia wasomaji kwa mkono wake kwamba muda aliopewa umekwisha na kitabu hakijakwisha. Na huyo hashoni sare za mtu yeyote.

Lakini sikumtaja ili ujifariji. Nimemtaja kwa sababu ya fundo moja. Kwenye kile cha tano alikuwa na mji unaitwa Meereen, na watu kadhaa wako safarini kuuendea, huyu kwa meli, yule kwa nchi kavu. Nani atangulie? Akitangulia huyu, jambo fulani linaharibika. Akitangulia yule, jingine. Aliandika na kufuta na kuandika tena, miaka ikaenda. Kilichomfungulia, kwa maelezo yake mwenyewe, hakikuwa muujiza. Alimchukua mtu ambaye tayari yuko ndani ya mji, askari mzee Barristan Selmy, akaanza kuyaona mambo kwa macho ya huyo. Mzee alikuwepo muda wote, ila hakuwa amewahi kupewa sura yake.

Kuchana nako usikuonee haya. Baada ya kitabu cha tatu Martin alipanga kuruka miaka mitano ili watoto wa hadithi wakue. Akaandika, akaona hairukiki, akatupa kazi yote. Ndiyo maana cha nne hakikuonekana hadi 2005.

Yeye huwagawa waandishi mafungu mawili, wasanifu wa majengo na watunza bustani, na mwenyewe anajiweka kwa bustani. Wewe pia ni wa bustani, maana hakuna msanifu anayebomoa nguzo ya nyumba kwa sababu ya kodi ya kibanda. Basi rudi shambani. Soma sehemu ya kwanza na ya pili kana kwamba zimeandikwa na mtu usiyempenda, kalamu nyekundu mkononi, na mahali pote Odemba alipofungua mdomo uliza: nani mwingine alikuwa hapo?

Kumfufua, usimfufue. Hizo kurasa 20 nakuamini zilinuka.

Menengai Baridi (Nakuru)

Mwalimu kasema yote ila la pesa kalikwepa, kama walimu wote.

Yuko mwingine, Brandon Sanderson. Machi 2022 alijitokeza akasema nimeshaandika riwaya nne kimyakimya, mnazitaka? Akafungua mchango mtandaoni, zikaingia zaidi ya dola milioni 41. Tazama mpangilio wake: vitabu kwanza, pesa baadaye. Wewe umeugeuza. 41 unazo, ni milioni tu zimekosekana. (Nisamehe, nimeshindwa kujizuia.)

Lakini la kuiga kwake ni dogo zaidi ya hilo. Kwenye tovuti yake huweka mistari ya asilimia: rasimu hii imefika hapa, masahihisho ya ile yamefika hapa. Msomaji anaona kazi inatembea. Wewe huna haja ya tovuti, una kikundi na una Ijumaa. Andika: wiki hii nimeandika kurasa nne, nimechana tatu. Hata ukichana zaidi ya ulizoandika, sema. Mimi nilisoma kitabu cha pili cha Patrick Rothfuss, kilichotoka 2011, nikiwa kijana wa kulala kwa kaka yangu hapa Section 58. Cha tatu, cha kumalizia, bado nangojea nikiwa na watoto wawili. Kuchelewa nimeshakusamehe. Kinachochosha ni kutojua kama kuna mtu jikoni au tunanusa moshi wa jana.

Jambo la mwisho, na sikuombei mabaya. Robert Jordan alianza mfululizo wake 1990, akafariki 2007 kabla ya kuumaliza. Ulipona kwa sababu aliacha maandishi na maelezo, hata tukio la mwisho kabisa alikuwa ameshaliandika. Mke wake, Harriet McDougal, ambaye pia ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamkabidhi kazi huyo huyo Sanderson. Kitabu kimoja cha mwisho kikawa vitatu, cha kufunga kikatoka 2013. Kwa hivyo nunua daftari moja, andika humo kila unachokijua kuhusu hilo ziwa, na umwambie kijana wako hilo daftari linakaa wapi.

Bondeni254 (Nakuru)

Kumbe huyo Sanderson ni fundi wa kumalizia nguo zilizoachwa na wengine. Sawa. Bado 300 ni 300.

Nyar Ahero (Ahero)

Nimesoma hii nikajikuta nacheka peke yangu dukani, maana mimi ni mmoja wa hao 41.

Dada, ile 300 nilikutumia nikiwa kwenye matatu, na siidai. Sisemi wengine wasidai. Nauza mchele hapa stendi, na jioni namsomea mama mkwe hadithi yako akichambua mboga. Yeye kusoma hakupata nafasi, lakini masikio yake yana daftari. Sehemu tatu zote nimemsomea mara mbili. Sehemu ya pili nimemsomea mara tatu, kwa sababu anampenda Odemba na kila akifa ananiambia rudia, pengine umesoma vibaya.

Sasa mwezi uliopita akaniuliza swali nikakosa jibu. "Yule mtoto aliyekuwa anachota maji mtumbwini, alifika nchi kavu?" Nikamwambia hakuna mtoto. Akasema yuko. Tukabishana, nikatafuta kwenye simu. Yuko. Sura ya tisa, usiku ule wa dhoruba. Mtumbwi unavuja, Odemba anahesabu vivuli kwa sauti, na kuna mtoto nyuma anachota maji kwa kopo, na umeandika kwamba kila Odemba akitaja hesabu moja, mtoto anamwaga kopo moja. Mistari miwili tu. Hana jina. Kisha wimbi, Odemba anazama, na huyo mtoto hatajwi tena popote, sehemu ya tatu inakwisha hayumo.

Nilimwambia mama mkwe labda mwandishi amesahau. Amekataa. Amesema mtu anayekumbuka kopo hawezi kusahau mtoto, unamweka akiba.

Mwalimu wa Zamu (Kakamega)

Mama mkwe huyo aletwe shuleni kwetu. Namaanisha.

Menengai Baridi (Nakuru)

Kopo moja kwa hesabu moja. Kwa hiyo mtoto anaijua hesabu yote kwa mikono, hata kama maneno hakuyasikia. Nimesimama nikakaa tena.

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Nyar Ahero, mwambie mama ukweli: nilisahau. Nilisahau kabisa. Leo asubuhi nimefika kibandani saa kumi na mbili, nikashusha madaftari kutoka juu ya kabati, nikatafuta sura ya tisa. Mtoto yuko, mwandiko ni wangu, na kopo nimeandika ni la mafuta ya kupikia, limepasuka ukingoni. Sikumbuki kumwandika. Nadhani niliona mtumbwi unavuja, nikaona lazima mtu achote, nikampa kazi na kumwacha.

Nimeketi na hilo daftari mpaka mteja wa saa mbili akapiga hodi mara tatu. Kwenye hadithi miaka minne imepita tangu dhoruba. Kama alikuwa na kumi, sasa ana kumi na nne, na hajui anachokijua. Mikono yake tu ndiyo inajua. Akeyo ni mfinyanzi, naye mambo ya mikono anayaelewa kuliko mtu yeyote kijijini. Sisemi zaidi, wengine hapa wamelipa.

Pesa: nimeandika kwenye kikundi leo mchana, bila kuficha karo wala mota. Anayetaka 300 yake aseme. Sare za Januari zikianza nitarudisha watu wawili kila wiki. Hadi sasa wamejibu tisa. Wawili wanataka pesa, na nimewaandika wa kwanza. Mmoja ameuliza kama mota inafanya kazi sasa. Inafanya. Waliobaki wanamuuliza Akeyo, kama kawaida yao.

Menengai, hesabu ya Ijumaa ya kwanza ndiyo hii: kurasa 52 zilizokuwepo, nimechana 11 zaidi, nimeandika moja na nusu. Daftari la ziwa nimenunua. Kijana nimemwonyesha linapokaa, akaniuliza kama naumwa.

Bondeni254, wewe ni wa saba.

Nyar Ahero, mtoto bado hana jina. Muulize mama mkwe anamwitaje.