Mjadala: Bango la Colfax liling'olewa. Je, na mnara wa makaburini ung'olewe?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kutulia, maana kila likiguswa watu wanagawanyika na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Colfax ni mji mdogo wa Louisiana, Marekani, makao makuu ya wilaya ya Grant. Kwa miaka kama 70, karibu na mahakama yao palisimama bango la chuma la serikali ya jimbo, lile la kumweleza mpita njia kilichotokea mahali hapo. Lilikuwa na sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema hapa ndipo zilipotokea Ghasia za Colfax, wakauawa wazungu 3 na weusi 150. Ya pili ilisema tukio hilo la Aprili 13, 1873 lilikomesha utawala mbovu wa watu wa kuja kutoka Kaskazini. Mei 2021 bango likang'olewa, na ubishi ukaanza: mmefuta historia.

Basi tuitazame historia yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, viliisha 1865, lakini Louisiana bunduki hazikuwekwa chini. Uchaguzi wa 1872 ulizaa magavana wawili, kila mmoja akidai kashinda, na mgogoro ukashuka hadi wilayani: nani mwenye haki ya kukalia ofisi za Grant? Weusi, wakiwemo waliopigana upande wa Muungano, yaani Kaskazini, wakaingia kulinda mahakama, jengo lililokuwa zizi la farasi, wakachimba handaki kulizunguka. Aprili 5, Jesse McKinney, mkulima mweusi, aliuawa nyumbani kwake akitengeneza uzio. Siku ya Pasaka, Christopher Columbus Nash, aliyekuwa askari wa Kusini, akaja na watu zaidi ya 100 wenye silaha na mzinga mdogo. Paa likatiwa moto. Waliotoka kujisalimisha wakapigwa risasi, na waliobaki mateka wakatolewa usiku, wakauawa. Levi Nelson alinusurika, akasimama mahakamani kutoa ushahidi. Watu 97 walishtakiwa, 3 wakapatikana na hatia, na 1876 Mahakama ya Juu ikawaachia kwa hoja kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayompa kila mtu ulinzi sawa wa sheria, yanaibana serikali ya jimbo, hayambani mtu binafsi. Weusi wa Kusini walilipia hukumu hiyo kwa miongo mingi.

Sasa rudini kwenye bango. Kujisalimisha hakumo. Mateka hawamo. Wazungu 3, weusi 150: msomaji makini angejiuliza ni ghasia za namna gani zinazoua upande mmoja hivyo, lakini sentensi ya pili inamwahi na kumwambia afurahi. Na hayo hayakuwa maoni ya mtu barazani. Ni serikali iliyosema, kwa fedha za kodi, na wajukuu wa waliouawa wakiwa miongoni mwa walipa kodi. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kuling'oa kulikuwa haki, na kulichelewa mno.

Lakini bado upo mnara wa jiwe kwenye makaburi ya mji, uliosimamishwa 1921. Umeandikwa majina ya wale wazungu watatu, Parish, Hadnot na Harris, ukiwaita mashujaa walioanguka wakipigania ukuu wa wazungu. Wengi waliofurahia kung'olewa kwa bango wanataka na huu uondoke. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Bango lilificha, mnara unakiri. Waliousimamisha waliandika wenyewe, kwa majina, kilichowapeleka wale watatu kwenye jengo la mahakama siku ile. Ukiuondoa, kesho atakuja mtu kutuambia ugomvi ulikuwa wa kura tu, na tutakosa jiwe la kumwonyesha. Ubaki, ila usibaki peke yake. Pembeni yake, kwa kimo kilekile, yawekwe majina ya weusi waliouawa na maelezo ya jinsi walivyouawa.

Najua hoja nzito ya upande wa pili: mkazi mweusi wa Colfax ndiye anayepita pale akienda kuzika, mimi niko mbali. Hoja hiyo siipuuzi, na kama wazao wa waliouawa watasema uondoke, neno lao lizidi langu. Tayari wameonyesha njia. Aprili 13, 2023, miaka 150 kamili, mjini palizinduliwa kumbukumbu mpya yenye majina ya waliouawa, na waliosukuma kazi hiyo ni pamoja na mtu wa uzao wa McKinney akishirikiana na mtu wa uzao wa mmoja wa washambuliaji.

Wanaosema mnara ung'olewe, naomba mseme pia upelekwe wapi: makumbusho ya jimbo, au uvunjwe kabisa? Na wanaosema bango lingebaki, nionyesheni mngeisahihishaje ile sentensi ya pili.