Barua taka zimenifurika ghafla: nifunge anwani nianze upya?

Mtulivu (mleta mada)
Wakuu heshima kwenu. Naomba ushauri, ila wa kunisaidia, siyo wa kunicheka. Nina anwani ya barua pepe niliyoitumia miaka mingi: ndiyo ya kazi, ndiyo ya benki, ndiyo ya kila kitu. Zamani barua taka zilikuwa zinakuja mojamoja, nazifuta maisha yanaendelea. Tangu wiki iliyopita ni mafuriko. Nikiweka simu chini, nikiishika tena nakuta ukurasa mzima umejaa, na nyingine ziko kwa lugha nisizoweza hata kuzisoma. Nimezuia watumaji mpaka kidole kinauma, haisaidii.

Nimeshaamua kuifunga na kufungua mpya. Kabla sijabonyeza, kuna njia nyingine ya kupunguza hizi takataka? Na nikiifunga, hasara yake ni ipi? Natanguliza shukrani.

Nyundo
Pole mkuu. Yule mjane wa jenerali mwenye mamilioni benki keshakupata? Mimi ananiandikia kila mara, sijui kwa nini ameniamini peke yangu.

Mama Watatu
Mdogo wangu, usikasirike, ila ninyi mnapenda vya bure. Mahali pameandikwa "weka barua pepe upate zawadi", unaweka. Programu ya kukata picha inataka barua pepe, unaweka. Halafu mnashangaa.

Mimi kwenye Gmail kila ninapojisajili naongeza alama ya kujumlisha na jina la tovuti baada ya jina langu, kabla ya ile @. Barua zinafika palepale, lakini najua nani kanitoa. Kuna tovuti moja ya mafunzo niliipa anwani ya namna hiyo, baada ya muda mfupi anwani ileile ikaanza kuletewa matangazo ya kamari. Niliwaandikia nikiwauliza imefikaje huko. Mpaka leo hawajajibu, na mimi sijawasahau.

Babu wa Modemu
Wajukuu, msidhani haya yameanza na simu janja. Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Alikaripiwa kwelikweli. Lakini mwenyewe alisema baadaye kuwa mauzo aliyapata, na hapo ndipo penye mzizi wa fitina: kutuma hakuna nauli, kwa hiyo hata akijibu mmoja kati ya maelfu, mtumaji amepata. Sisi enzi za modemu tangazo moja lenye picha lilikuwa linashika laini ya simu mpaka mke wangu anakuja kuuliza kama kuna msiba.

Fundi Kimya
Babu tutarudi kwako, hadithi ni tamu. Mtulivu, nijibu mambo mawili kwanza. Hizo barua zinauza vitu, au zinasema "karibu, asante kwa kujiunga, thibitisha usajili wako"? Na siku zilipoanza, kuna kitu chochote ulibofya au ulijaza? Kwa sasa usifute kitu.

Msomaji Tu
Kumzuia mtumaji mmojammoja ni kazi bure. Jina linaloonekana pale juu mtu anaweza kuandika lolote. Mfumo wa kutuma barua pepe uliwekwa miaka ya mwanzo ya 1980 bila kumtaka mtu athibitishe yeye ni nani, hizi SPF na DKIM, yaani njia za kuhakiki barua imetoka kweli kwa anayedai kuituma, zimekuja kubandikwa baadaye. Kesho anakuja na jina jingine. Badala ya kuzuia au kufuta, bonyeza "ripoti kuwa ni taka". Kufuta hakuufundishi mfumo chochote, kuripoti kunaufundisha.

Halafu zima picha kujifungua zenyewe. Wanatia kipicha cha nukta moja ambacho jicho halikioni. Ukifungua barua, kile kipicha kinaitwa kutoka kwenye seva yao, basi wameshajua anwani ina mtu na saa uliyosoma. Wenye iPhone wana kinga ya hilo tangu iOS 15 ya 2021, ila lazima uiwashe.

Mtulivu
Asanteni. Fundi, nyingi ni hizo za "asante kwa kujiunga", kutoka kwenye makampuni ambayo sijawahi hata kuyasikia. Nimeshajiongeza lakini: nimeweka kichujio, kila barua yenye neno "thibitisha", "akaunti" au "karibu", kwa Kiswahili na Kiingereza, inatupwa kapuni moja kwa moja. Kimepunguza sana. Pia nimepata programu ya kusafisha kikasha, nimeipa ruhusa inaendelea na kazi. Zimeanzaje sijui, zimeanza tu.

Fundi Kimya
Toa hicho kichujio sasa hivi, kisha urudi usome.

Hizo siyo barua taka za kawaida. Mtu amechukua anwani yako akaipa roboti, roboti ikaijaza kwenye fomu za kujiunga za tovuti maelfu. Barua zinatoka kwenye makampuni halali, ndiyo maana mfumo hauzizuii. Mwenye kufanya hivyo hana haja na matangazo. Anataka barua MOJA usiione: risiti ya kitu kilichonunuliwa kwa kadi yako, au taarifa kwamba nywila imebadilishwa, au kwamba kuna kifaa kipya kimeingia. Anaizika katikati ya hizo nyingine. Na wewe kwa kichujio chako cha "akaunti" umemsaidia kuchimba kaburi.

Nenda kapuni. Kama ni Gmail, vitu vinakaa siku 30 kabla ya kupotea. Tafuta kwa maneno: malipo, oda, risiti, nywila, kuingia. Na ile programu inyang'anye ruhusa, maana uliyempa ufunguo humjui. Na swali langu la pili hujalijibu.

Mtulivu
Nimetafuta harakaharaka sijaona cha ajabu. Kichujio nitakitoa kesho, nikikitoa leo simu italia usiku kucha na nina kazi asubuhi. Kwani kuna ubaya gani kuifunga tu? Nimeshawatangazia watu anwani mpya.

Mama Watatu
Zima sauti ya simu. Hilo nalo linahitaji fundi?

Msomaji Tu
Ukiifunga, kila akaunti iliyofunguliwa kwa anwani hiyo inabaki na mlango usio na mlinzi. Ukisahau nywila ya benki, ule ujumbe wa kuibadilisha unakwenda kule kwenye anwani iliyokufa. Gmail hawampi mtu mwingine jina lililofutwa, lakini siyo wote. Mwaka 2013 Yahoo walitangaza kwamba majina yaliyokaa mwaka mzima bila kutumika watayagawa upya kwa watu wengine. Fikiria mgeni anaanza kupokea barua zako.

Shoka Butu
Dawa ni moja tu, usibofye "jiondoe" HATA SIKU MOJA. Ukibofya wanajua upo.

Msomaji Tu
Hapana, Shoka. Kampuni uliyojisajili mwenyewe, jiondoe. Marekani wana sheria ya 2003 inayompa mtumaji siku 10 za kazi awe amekutoa. Na tangu 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wa jumla waweke kitufe cha kujiondoa kwa mguso mmoja. Kwa Gmail ni wale wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku. Kile kitufe kinachotokea juu kabisa, karibu na jina la mtumaji, kimewekwa na programu yako ya barua. Hicho kitumie. Kiungo kilichojificha chini ndani ya barua ya mtu usiyemjua ndicho cha kuogopa. Na kujiondoa halali hakuombi nywila hata mara moja.

Mtulivu
Hata kama ukurasa una nembo kamili ya kampuni ya barua pepe?

Fundi Kimya
Ndiyo hilo nilikuwa nalisubiri. Uliombwa nini?

Mtulivu
Kulikuwa na barua inasema kikasha kinakaribia kujaa matangazo, bonyeza hapa ujiondoe kwenye orodha zote kwa pamoja. Ukurasa ukataka barua pepe na paswedi, nikaweka, ikaandika "umefanikiwa". Lakini msinirukie. Nembo ilikuwa sahihi, rangi sahihi, hata ile kufuli ya juu kwenye kivinjari ilikuwepo. Mtu yeyote angeweka. Na hayo mafuriko yalianza kesho yake, kwa hiyo siyo lazima yahusiane.

Nyundo
"Siyo lazima yahusiane" 😂😂 Mkuu!

Fundi Kimya
Hiyo kufuli inasema tu mazungumzo yako na tovuti hayasikilizwi na mtu wa katikati. Tapeli naye anaipata bure. Paswedi hiyo unaitumia wapi kwingine?

Mtulivu
Kwingi. Naikumbuka vizuri.

Chongo
Samahanini nawakatisha. Hii ni chai, na mnainywa. Akaunti ya mleta mada imefunguliwa leo. Mtu anayejua kuunda kichujio cha lugha mbili ndiye huyohuyo anayeandika paswedi kwenye ukurasa wa "jiondoe"? Na mmeiona hiyo "programu ya kusafisha kikasha" ilivyopenyezwa kiulaini? Subirini, kesho anakuja na "jamani imenisaidia, ipakueni hapa". Tunamshauri mtu kuhusu matangazo, kumbe yeye ndiye tangazo.

Shoka Butu
Kweli aisee. Nilikuwa naona kuna kitu.

Babu wa Modemu
Mimi tangu mwanzo nilisimulia tu yangu, sikumshauri mtu.

Mtulivu
Chongo, nimefungua akaunti leo kwa sababu leo ndipo shida imenishinda. Sina programu ya kumuuzia mtu. Kichujio nilifuata video, video haifundishi akili. Mnataka ushahidi gani?

Chongo
Weka picha ya ukurasa wa vichujio. Ficha anwani yako.

Mtulivu
[picha]
Haya. Umeridhika?

Fundi Kimya
Mtulivu. Hapo naona vichujio viwili.

Mtulivu
Cha juu ndicho changu. Cha pili nilidhani kimekuja na ile programu.

Fundi Kimya
Kisome. "Yenye neno benki au malipo: isiingie kwenye kikasha, iwekwe alama ya kuwa imesomwa, isambazwe kwenda" na kuna anwani. Hiyo anwani ni yako?

Mtulivu
Siyo yangu.

Chongo
Doh. Nafuta kauli, kaka. Piga simu benki, hizi nyingine zitasubiri.

Fundi Kimya
Tumia namba iliyo nyuma ya kadi, siyo iliyo kwenye barua pepe yoyote. Ukimaliza, shika kompyuta safi, badilisha nywila, iwe mpya kabisa isiyotumika kwingine. Kisha toka kwenye vifaa vyote, maana kubadilisha nywila huku yeye yuko ndani haitoshi. Angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti, wanapenda kuweka zao. Futa vichujio vyote viwili na usambazaji. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Halafu kila mahali palipokuwa na paswedi ile ya zamani, anza na penye pesa. Na anwani usiifunge.

Mtulivu
Benki wamesitisha kadi. Kuna muamala mmoja siutambui, wanaufuatilia. Barua yake nimeikuta kule, ina alama ya kusomwa. Kichujio nimetoa. Ila anwani mpya nitaitumia, nimeshawatangazia watu.

Msomaji Tu
Itumie kwa watu tu. Huko kwenye kujisajili tumia anwani za kuficha, zinazokupitishia barua bila kuonyesha anwani yako halisi, kama Hide My Email ya Apple au Firefox Relay. Ikianza kuletewa uchafu unaizima hiyo moja, nyingine hazijui lolote. La sivyo utarudi hapa na uzi uleule.

Mama Watatu
Fundi, hiyo sehemu ya usambazaji iko wapi? Nimepekua Gmail ya simu yote sijaiona.

Fundi Kimya
Kwenye programu ya simu haipo. Ingia kwa kompyuta, fungua mipangilio yote, kuna sehemu ya usambazaji, na ya vichujio iko jirani yake.

Mama Watatu
Nimeiona. Yangu inasambaza kila kitu kwenda kwenye anwani ya ofisi niliyoacha zamani. Anayeisoma sasa ni nani?