Naomba ushauri: miguu inakimbilia mbele farasi akianza troti (mbio za polepole)

Wakuu habari za saa hizi, niko Tabora huku, kuna mzee ana farasi shambani kwake ananiruhusu kumpanda jioni jua likipoa (huku farasi ni wa kutafuta kwa tochi, mbung'o hawamuachi mnyama salama, kwa hiyo mwalimu hakuna naangalia video tu). Akitembea niko freshi kabisa, shida ni troti ile ya kuinuka na kukaa, nikiinuka tu mguu kuanzia goti kushuka unakimbilia mbele, kisigino kinapanda, halafu narudi kwenye tandiko puu! mpaka farasi analaza masikio nyuma, namuonea huruma mgongo wake.

Najua sikio, bega, nyonga na kisigino vinatakiwa mstari mmoja, kuvikalisha hapo sasa ndo kasheshe. Nahisi nabana sana na magoti maana kwa ndani yanachubuka, ila jamaa yangu anasema vikuku vya kukanyagia ni virefu, nikining'iniza miguu vinapita chini ya kifundo. Nipandishe mikanda ya vikuku tundu moja, au nianze kwanza kujizoesha kusimama kwenye vikuku akiwa anatembea taratibu? Na kupanda bila vikuku kunasaidia kweli au ndo ntaokotwa chini?

Wale wa "uza farasi nunua bodaboda" piteni tu, farasi mwenyewe sio wangu.