Jumamosi kwa Babu: nani analeta spika?

JUMATANO

[19:48] Shangazi Mwana: Asalaam aleykum wanafamilia. Narudia tena maana jana mmesoma mkanyamaza. Jumamosi saa 1 usiku uani kwa Babu tunaangalia filamu ya Mary Poppins ya pili, yule yaya wa miujiza. Shuka jeupe ninalo, projekta ipo, kilichobaki ni SPIKA na hela ya maandazi na juisi, 5,000 kila nyumba.

[19:55] Shangazi Mwana: Naona mmeona 14.

[20:20] Fadhili: Shikamoo shangazi. Hiyo si ya mwaka 2018 jamani, saa hizi ishazeeka

[20:22] Shangazi Mwana: Marahaba. Ya kwanza ilitoka 1964, ya pili 2018, watu wamesubiri miaka 54, wewe ukisubiri hii michache umepungukiwa nini?

[20:23] Fadhili: 😂😂 nimenyamaza. Ila si watoto waangalie kwa simu tu ya Tatu, spika ya nini

[20:31] Shangazi Mwana: Fadhili mwanangu kwenye simu utasikia maneno tu na muziki wenyewe hutousikia. Mi nimepiga fidla kwenye taarab miaka 20 nakwambia kitu ninachokijua. Pale mwanzo yule kijana mwasha taa za barabarani anaimba akizunguka London na baiskeli yake, akishamaliza ndo linaingia kama bashraf letu lile, muziki mtupu wa kufungulia kabla mwimbaji hajasimama, majina yanapita na michoro, fidla zote zinapanda kwa pamoja na matarumbeta yanajibu. Kwenye simu inakuwa kama nyuki ndani ya kopo.

[20:33] Chausiku: Samahani kutoka nje ya mada nani ana namba ya yule fundi wa jiko la gesi

[20:33] Fadhili: Bashraf la Wazungu 🤣

[20:40] Rehema (London): Shangazi shikamoo, nakuunga mkono. Mimi niliiona sinemani huku. Ila kusema kweli nyimbo zake hazikunikaa kichwani kama za kaseti ya Bibi, zile za filamu ya kwanza walizotunga ndugu wawili akina Sherman ukisikia mara moja umezishika

[20:52] Shangazi Mwana: Marahaba mwanangu. Hilo wamelisema wengi na mi sikubaliani nalo. Zile za kwanza umezisikia tangu hujaota meno utazifananishaje na ulizosikia mara moja tena umeshakuwa mtu mzima? Huyu Marc Shaiman aliyetunga muziki wa hii ya pili alikuwa na kazi ngumu, atunge mpya zikae nyumba moja na za zamani bila kuziiba, na mmoja wa wale ndugu, Richard, alikuwa bado hai akawa mshauri wao wa muziki. Nduguye Robert alishatangulia 2012. Sasa wewe sikiliza chini ya mazungumzo, wakati watu wanaongea tu, utasikia kipande cha wimbo wa kale kinachungulia kisha kinajificha. Ndo maana nasema SPIKA.

[20:53] Shangazi Mwana: Na mashindano ya Oscar ule muziki wa pili uliteuliwa mara mbili, muziki wa filamu na wimbo. Haukushinda lakini uliteuliwa.

[21:05] Tatu: Bibi alikuwa hajui Kingereza hata neno ila ule wimbo wa bibi kizee wa ndege wa filamu ya kwanza alikuwa anauvumisha akiwamwagia kuku mtama 🥹

[21:07] Rehema (London): Tatu usinilize mie. Kila nikipita ngazi za kanisa la St Paul's, anapokaa yule wa ndege kwenye wimbo, namkumbuka Bibi na kuku wake

[21:09] Fadhili: Kwani ile kaseti iko wapi siku hizi

[21:10] Tatu: Muulize aliyepaka rangi nyumba

[21:10] Fadhili: 👀

[21:14] Mama Ashura: Haya yasianze. Boksi la kaseti nilisema tangu siku ile mimi niliwaachia vijana wa rangi nikaenda sokoni, niliporudi halipo. Kila mwaka naulizwa mimi.

[21:16] Shangazi Mwana: Hakuna anayekuuliza dada. Turudi kwenye spika. Shemeji Hamisi naona upo hewani. Ile yako kubwa.

[21:38] Hamisi: Ile iliyopasuliwa kwenye harusi ya Zai? Niliambiwa itatengenezwa. Nilitengeneza mwenyewe. 85,000. Sijadai mtu ila nimekaa nayo moyoni.

[21:39] Fadhili: Mjomba ile ilipasuka kwa sababu ya DJ si sisi

[21:39] Hamisi: DJ alikuwa nani?

[21:40] Fadhili: 😅

[21:40] Chausiku: Namba ya fundi jamani gesi inavuja

[21:41] Tatu: Chausiku funga mtungi kwanza ufungue madirisha!! Nakutumia inbox

ALHAMISI

[06:50] Mama Ashura: Mwana nimelala na jambo. Nimemuuliza mwanangu hiyo filamu inahusu nini akanisimulia. Baba kafiwa na mke kabaki na watoto watatu. Na wewe unataka Salma na wadogo zake wakae mbele pale. Hata mwaka wa mama yao haujatimia.

[06:58] Tatu: Kuna na ule wimbo wa usiku wa vitu vilivyopotea vinakwenda wapi. Mary anawaimbia watoto wameshtuka ndotoni wanamtaka mama yao

[07:02] Fadhili: Boksi la kaseti liko huko huko 😂

[07:02] Rehema (London): Fadhili sio wakati wake.

[07:03] Fadhili: Samahani

[07:30] Shangazi Mwana: Dada najua. Ndo huo wimbo ninaouendea. Unaimbwa polepole muziki umeshushwa kabisa karibu huusikii, halafu baadaye baba yao anapoelemewa wale watoto wanamrudishia yeye wimbo uleule, wao ndo wanambembeleza. Mi kaka yangu, baba Salma, sijui nimwambieje. Kumwambia nimeshindwa tangu msiba.

[07:31] Mama Ashura: Umeandika kwenye kikundi, na yeye yumo.

[07:31] Shangazi Mwana: Najua yumo.

[11:15] Tatu: Nipo kwa Babu nimemsomea zote. Anasema niandike anavyosema nisipunguze: "Watoto wangu, tangu arobaini ipite hakuna anayemtaja jina mkwe wangu ndani ya nyumba hii. Mnaona mnawasitiri watoto. Salma alikuja kuniuliza, Babu, mama alikuwa anaitwa nani zamani, maana sasa haitwi. Mimi namtaja kila alfajiri. Sinema ileteni. Na habari ya spika ya harusi nisiisikie tena mpaka mnizike."

[11:16] Rehema (London): 😭

[11:20] Mama Ashura: Tumesikia Baba.

[13:44] Hamisi: Nimesikia Mzee. Dada yangu mimi pia namtaja.

[14:02] Shangazi Mwana: Allah amrehemu Mwanaidi wetu.

[14:05] Tatu: Amin

[14:05] Fadhili: Amin. Mjomba Jumamosi naja kuibeba mwenyewe na sigusi kitufe

[17:30] Shangazi Mwana: Hela mpaka sasa katuma Rehema na Tatu peke yao. Na mwisho mwisho msiondoke, kuna yule mzee Dick Van Dyke aliyekuwemo kwenye ya kwanza, walipiga picha ana miaka 91 anapanda juu ya meza anacheza, na pale sikilizeni muziki unavyomsubiri hatua kwa hatua.

[23:52] Baba Salma: Salamu aleykum. Nimesoma zote tangu jana.

[23:53] Baba Salma: Huo wimbo Salma anaujua tayari alisikia kwa Tatu. Huwa anauimba akidhani nimelala.

[23:58] Baba Salma: Jumamosi niko kazini mpaka saa 2. Mtaanza bila mimi. Ile ya mwanzoni ya baba yuko darini nikiikosa sio mbaya. Ila huo wa watoto mnisubiri.

IJUMAA

[05:40] Shangazi Mwana: Tutasimamisha kaka. Tutasimamisha hata saa 4.

[05:41] Shangazi Mwana: Hamisi spika ni ndiyo?

[09:10] Hamisi: Ipo. Ila waya mmoja unakatakata naupeleka kwa fundi leo akiwepo.

[09:12] Fadhili: Na umeme ukikatika?

[12:37] Chausiku: Asante kwa namba fundi kaja. Kwani hii ni Jumamosi ya kesho au ijayo?