Kuachiliwa na mahakama si amri ya kutufunga midomo: malalamiko yangu kuhusu kifo cha O.J. Simpson

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima, kisha naomba mniwie radhi kwa sababu leo nitasema kwa ukali. Tangu jioni ya Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2024, familia ya O.J. Simpson, nyota wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, ilipotangaza kwamba amefariki dunia siku moja kabla yake kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 76, nimesoma maoni ya Wakenya wenzangu hadi nikachoka, na jambo moja limenikera kuliko mengine yote. Kila anapotokea mtu, mara nyingi mwanamke, akauliza kwa utulivu habari za Nicole Brown, aliyekuwa mke wa Simpson, na Ronald Goldman, watu wawili ambao Simpson alishtakiwa kwa kuwaua, hutokea kundi la wanaume wa kumjibu kwa maneno yaleyale: dadangu, mahakama ilimwachilia, nyamaza. Wengine huongeza kwamba marehemu hasemwi. Nimeyasoma hayo katika makundi ya WhatsApp ya mtaani kwetu, nikayasikia katika vipindi vya redio vya asubuhi ambavyo mada yake kuu mwaka mzima ni ubaya wa wanawake, na nikayasikia tena ndani ya matatu ya Rongai, yakitamkwa na vijana ambao kesi hiyo ilipokwisha walikuwa hawajazaliwa.

Kama marehemu hasemwi, basi nianze kwa kuwauliza ni marehemu gani. Nicole Brown alikuwa na miaka 35 alipouawa kwa kisu usiku wa tarehe 12 Juni 1994 nje ya nyumba yake huko Los Angeles, huku watoto wake wawili wadogo wakiwa wamelala ndani. Ronald Goldman alikuwa na miaka 25, mhudumu wa mkahawa, na kilichompeleka pale ni kurudisha miwani ambayo mama yake Nicole aliisahau mkahawani jioni hiyo. Nao pia ni marehemu. Hata hivyo watu haohao wanaotuhimiza tuchunge ndimi zetu ndio walioandika kwamba yule mwanamke alikuwa mfuja mali na kwamba kijana yule alikuwa hawara aliyepata alichokitafuta. Mkuki kwa nguruwe!

Sasa tuje kwenye hiyo hukumu inayopeperushwa kila mahali kama bendera. Mimi siipingi. Tarehe 3 Oktoba 1995, ilipokuwa saa nne asubuhi Los Angeles na saa mbili usiku hapa Nairobi, ilisomwa kwamba mshtakiwa hana hatia, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na haki ya kumfungulia tena mashtaka ya mauaji hayo wala kumfunga kwa ajili yake. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Katiba yetu wenyewe, katika kifungu cha 50, inamlinda mshtakiwa kwa namna hiyohiyo: ni mtu asiye na hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na akishaachiliwa hashtakiwi mara ya pili kwa kosa lilelile. Ningekuwa wa kwanza kulalamika kama Marekani ingemnyima haki hiyo kwa sababu tu umma umekasirika.

Lakini ninashuku kwamba wengi wetu hapa Kenya tunaisoma hukumu ile kwa macho ya mahakama zetu, na hapo ndipo tunapokosea. Jaji wa mahakama za Milimani, Nairobi, akimwachilia mshtakiwa wa mauaji, huandika hukumu. Hueleza shahidi gani alimwamini na yupi hakumwamini, ushahidi upi ulipungua na kwa nini, na yeyote mwenye subira anaweza kuisoma kurasa kwa kurasa. Kesi ya Simpson haikuamuliwa na jaji. Jaji Lance Ito aliongoza tu shughuli. Walioamua ni jopo la wananchi 12 wa kawaida, utaratibu ambao hapa kwetu, enzi za ukoloni, walitengewa Wazungu peke yao, Waafrika wakabaki na wazee wa baraza wa kumshauri jaji, ambao nao baadaye sheria iliwaondoa. Jopo la aina hiyo haliandiki sababu. Baada ya miezi mingi ya ushahidi, wananchi wale walijadiliana kwa muda usiofika saa nne, wakatoa jibu fupi, wakaenda nyumbani. Kwa hiyo yule ndugu anayetuambia kwamba mahakama ilichunguza ikagundua kuwa O.J. hakufanya, anatutajia hati ambayo haipo. Jopo lilisema kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi yake kwa kiwango kinachotakiwa katika jinai, yaani bila kuacha shaka ya maana. Jopo halikutakiwa kusema zaidi ya hapo.

Na shaka hiyo haikutoka hewani. Askari mpelelezi Mark Fuhrman, aliyesema ndiye aliyeikuta glavu yenye damu nyumbani kwa Simpson, aliapa mahakamani kwamba kwa miaka kumi hakuwa ametamka lile tusi la kuwadhalilisha watu weusi, kisha zikachezwa kanda zenye sauti yake akilitamka mara nyingi. Mpelelezi mwingine, Philip Vannatter, alichukua chupa ya damu ya mshtakiwa na, badala ya kuikabidhi mara moja mahali pa kuhifadhia vielelezo, akasafiri nayo hadi nyumbani kwa mshtakiwa huyohuyo, ambako upekuzi ulikuwa ukiendelea. Halafu upande wa mashtaka wenyewe ukamtaka Simpson ajaribu kuvaa mbele ya jopo glavu zilizodaiwa kuwa za muuaji, zikambana. Ungekuwa wewe katika jopo lile, ndani ya jiji ambalo miaka mitatu tu nyuma askari waliorekodiwa kwa video wakimpiga Rodney King, Mmarekani mweusi, waliachiliwa na ghasia zikaua watu zaidi ya 50, ungeamini polisi? Naelewa kabisa kwa nini Wamarekani weusi wengi walishangilia. Walikuwa wakishangilia kwamba kwa mara moja mfumo uliozoea kuwakandamiza ulilazimika kujithibitisha, ukashindwa.

Hiyo ni hasira yao na wana haki nayo. Sisi wa Nairobi tumeikopa bila kujua bei yake. Hasira ya kweli dhidi ya polisi wanaoharibu ushahidi ingetupeleka kuwauliza wapelelezi wetu kwa nini vielelezo hupotea, kwa nini mashahidi huogopa, kwa nini faili za wanawake waliouawa huzeeka kwenye kabati. Badala yake tumeichukua furaha ya mwaka 1995 tukaifanya gongo la kumpigia mwanamke yeyote anayeuliza swali mwaka 2024.

Jambo linalonichosha zaidi ni kwamba hawa watetezi wa mahakama huichagua mahakama wanayoipenda. Mkisema mahakama iheshimiwe, basi iheshimiwe yote. Mwaka 1989, baada ya polisi kuitwa nyumbani kwa Simpson usiku wa mwaka mpya na kumkuta Nicole amepigwa, alishtakiwa kwa kumpiga mkewe na hakuyapinga mashtaka. Alipewa kifungo cha nje, faini na kazi ya kuhudumia jamii, akaendelea na utangazaji wake wa televisheni kana kwamba amepigwa faini ya kuegesha gari vibaya. Hilo hakuachiliwa. Mwaka 1993 Nicole alipiga simu ya dharura, na sauti yake ya woga ikahifadhiwa kwenye kanda huku mwanamume akifoka nyuma yake. Kanda hiyo ilichezwa mahakamani, na yeyote anayetaka anaweza kuisikiliza hadi leo. Mwaka 1997, katika kesi ya madai iliyosikilizwa Santa Monica, jopo jingine la wananchi 12 lilimwona kuwa anawajibika kwa vifo vile vile viwili, na jumla ya fidia ikafika dola milioni 33.5.

Najua mtaniambia kwamba kesi ya madai hutumia kipimo chepesi. Ni kweli, na hata kwetu ni hivyo: anayedai hutakiwa kuonyesha kwamba lililo upande wake lina uwezekano mkubwa zaidi. Lakini msisahau kwamba safari hii Simpson alilazimika kutoa ushahidi mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya mwaka 1995. Aliulizwa kuhusu viatu vya Bruno Magli, kwa kuwa alama za damu pale mauaji yalipotokea zililingana na soli ya viatu hivyo. Alikana kabisa kuwahi kuwa navyo. Zikatokea picha alizopigwa miezi kadhaa kabla ya mauaji, akiwa amevivaa uwanjani. Jopo la mwaka 1995 halikuziona picha hizo. Nawashangaa watu wanaokumbuka glavu kwa furaha na kuvisahau viatu.

Kisha, tarehe 3 Oktoba 2008, miaka 13 kamili baada ya kuachiliwa, alipatikana na hatia ya wizi wa kutumia silaha na utekaji huko Las Vegas, akahukumiwa miaka 33 na kutoka kwa msamaha wa masharti mwaka 2017. Hiyo nayo ni mahakama. Wapo wanaosema kwamba alikuwa akilipizwa kisasi kwa yale ya 1995, na huenda adhabu ilikuwa kali kupita kiasi; hoja hiyo naiheshimu. Nisichokiheshimu ni mtu anayesema katika sentensi moja kwamba mahakama haikosei na katika sentensi inayofuata kwamba mahakama ilimwonea.

Haya yangekuwa mabishano ya barazani tu kama tusingekuwa tunaishi hapa tunapoishi. Mwezi Januari 2024, baada ya wasichana wawili kuuawa katika nyumba za kukodi kwa siku chache jijini humu, wanawake walikusanyika katika bustani ya Jeevanjee tarehe 27 wakaandamana kudai wasiuawe. Swali lililowapokea mitandaoni lilikuwa lipi? Alikuwa anafanya nini huko. Naamini kwamba ni vidole vilevile vilivyoandika swali lile ndivyo vinavyoandika sasa kwamba gwiji apumzike kwa amani na wanawake wapunguze uchungu. Gwiji alikuwa kweli uwanjani. Yadi 2,003 alizokimbia na mpira mwaka 1973 katika mechi 14 pekee ni kazi ambayo sitaibeza, hata kama mchezo wenyewe wengi wetu hatuuelewi. Mwombolezeni mchezaji mkipenda. Mnachokosea ni kutuagiza sisi pia tumwombolezee, tena kwa ukimya.

Upande wa pili nao sitauacha, ingawa hasira yangu kwao ni ndogo zaidi. Zile picha za mzaha za glavu na za gari jeupe la Bronco, lile alilokuwamo polisi walipomfuata barabarani baada ya mauaji, na vicheko kwamba hatimaye muuaji halisi amekufa, hazimsaidii mtu yeyote. Simpson ameacha watoto, wakiwemo wale wawili waliokuwa wamelala ndani usiku ule, ambao sasa wamewapoteza wazazi wote wawili. Anayewahurumia kwa kifo cha mama yao hawezi kugeuka akawafanyia mzaha kwa kifo cha baba yao.

Nimesoma pia watu wakimwita Fred Goldman, baba yake Ronald, mzee mwenye kinyongo kwa sababu alisema kwamba kifo hicho si hasara kubwa kwa dunia, na kwamba kwake ni ukumbusho mwingine wa miaka ambayo mwanawe hayupo. Mzee huyo alikuwa ameomboleza kwa karibu miaka 30 Simpson alipofariki. Ana hukumu halali ya mahakama mkononi, na kati ya fedha alizoamuriwa amepata sehemu ndogo sana, kwa kuwa pensheni ya mchezaji ililindwa na sheria dhidi ya wadai. Mara tu baada ya kifo, wakili anayesimamia mirathi ya marehemu aliliambia gazeti kwamba matumaini yake ni akina Goldman wasipate hata senti moja, ingawa siku chache baadaye alilegeza msimamo. Sikumwona hata mmoja wa watetezi wetu wa heshima ya mahakama akishtuka kusikia wakili akisema hadharani kwamba anatamani hukumu ya mahakama isitekelezwe.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kunijibu kwamba aliachiliwa, jibu hilo nimeshalisoma na sehemu yake ya kweli nimeikubali hapo juu. Njoo na jibu kuhusu 1989, kuhusu viatu na kuhusu hukumu ya 1997, na umwite Nicole kwa jina lake. Na wewe mtangazaji uliyewakatia simu wanawake wawili mfululizo Ijumaa asubuhi kisha ukacheka hewani, unajijua. Ninaomba uwapigie wewe mwenyewe na uwape muda wao.